Wino wa Zoël na Wino wa Dorine

Majirani zangu, kaeni niwaeleze vizuri, maana habari hii imezungushwa kila jiko la kijiji chetu na kila aliyeipokea ameitia chumvi yake. Mimi Alma Haché nilikuwepo. Sehemu nyingine sikuzielewa siku ile, na nyingine sizielewi hata leo, lakini nitasema niliyoyaona.

Jumapili moja mwanzoni mwa Novemba nilikuwa jikoni kwa Zoël na Dorine Chiasson, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, nikinywa supu ya kuku na viazi. Zoël, aliyestaafu kutoka kiwanda cha mboji, alikuwa akimjazia mkewe chai kabla hajaombwa. Dorine, aliyekuwa karani wa kupiga chapa wa kiwanda hicho hicho kwa miaka thelathini, alikuwa akichapa tangazo la mashindano ya karata ya parokia. Printa yao ndogo ilikaa karibu na dirisha, ikikwaruza na kupiga kelele zake. Ndoa yao ilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wengi waliwaonea wivu, na mimi mjane nilikuwa miongoni mwao.

Wiki ile ile wakaenda kwenye mashindano. Wawili hawa walicheza pamoja kila mwaka. Mzunguko wa mwisho, Dorine akatupa karata isiyofaa na wakashindwa. Zoël akasimama mbele ya ukumbi mzima.

"Jamani, mke wangu hata mpaka tano hawezi kuhesabu! Mwakani nacheza na Alma."

Mimi hata sikuulizwa. Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka, jambo ninalolijutia. Dorine alichukua koti lake akaenda nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo hakumsemesha mumewe. Na mumewe, badala ya kuomba radhi, naye akafunga mdomo. Alisema kwamba mzaha ni mzaha.

Sasa, msomaji wangu, watu wawili wanaishije nyumba moja bila kusemezana? Hawa walichapa. Ukiingia jikoni unakuta friji imebandikwa karatasi: TAKATAKA NI ALHAMISI. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: NAJUA. Kisha: ANAYEJUA HUTOA. Nilimwuliza Dorine kwa nini asiandike kwa kalamu tu.

"Kwa mwandiko wangu namwandikia mtu ninayempenda," akasema. "Huyu nampa chapa, kama nilivyokuwa nikiwapa wadeni wa kiwanda."

Katriji nyeusi, yaani kile kikasha cha wino, ikawa inakwisha kila baada ya siku chache. Dorine aliijaza mwenyewe kwa bomba la sindano, na aliijaza inavyotakiwa. Mireille, fundi wa duka la printa kule mjini, alikuwa amemfundisha. Aina za wino ni mbili. Kuna ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari ndani ya chai. Na kuna ule wenye chembechembe za rangi ambazo haziyeyuki, zinaelea tu. Katika printa yao katriji za rangi zilitumia wa kwanza, na nyeusi ilitumia wa pili. Chembechembe zile huelea kwa sababu ya dawa maalumu iliyomo, na ukiuchanganya na wino wa aina ile ya kuyeyuka dawa hiyo huweza kuharibika, chembe zikashikana mabonge, vitundu vya printa vikaziba. Mireille alimwambia asichanganye hata tone. Dorine alilielewa hilo na akalificha moyoni, pamoja na chupa yake ndani ya kikapu cha kushonea.

Zoël hakuambiwa lolote. Naye hakutaka mkewe amseme kwamba anamalizia wino wake. Akaagiza chupa yake kwenye mtandao, nyeusi, iliyoandikwa kwamba inafaa printa zote, akaificha gereji nyuma ya msumeno. Dorine alipokwenda kanisani, yeye alijaza. Ulikuwa wino wa kuyeyuka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Siku moja Dorine alinishika mkono.

"Alma, nimechapa kurasa arobaini na wino haujapungua. Juzi uliongezeka."

"Labda Mtakatifu Anna anaubariki."

"Usinitanie. Wino unaongezekaje wenyewe?"

 Wiki iliyofuata akaniambia karatasi zinatoka na mistari myeupe. Akasafisha vitundu, mistari ikapungua, kesho yake ikarudi minene zaidi. Dorine alidhani mumewe ameigusagusa printa. Zoël kwa upande wake aliniambia kwamba mkewe hajui kutunza mashine. Kila mmoja alinieleza mimi, na mimi, niliyekuwa na ulimi mrefu kwa mambo yote mengine, safari hii nikasema hayanihusu.

Lakini kulikuwa na karatasi moja isiyo ya ugomvi. Zoël ana moyo mbovu, anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo hupimiwa. Kila Jumatatu asubuhi anatolewa damu zahanati, na alasiri nesi anampigia Dorine simu kumtajia kipimo cha wiki. Dorine huchapa orodha na kuibandika. Hata katika hasira yake hakuiacha kazi hiyo. Nesi alipiga simu Jumatatu ile akasema damu imekuwa nyepesi mno, leo na kesho asinywe kabisa, keshokutwa aanze na kidonge kimoja. Dorine akachapa, akabandika, akarudi kwenye vyombo vyake.

Zoël akasimama mbele ya friji. Akaitazama karatasi, akamtazama mkewe, akaitazama tena karatasi. Dorine alimwona kwenye kioo cha dirisha. Alingoja aulizwe. Zoël naye alingoja aambiwe. Kisha akaenda zake. Haya wamenieleza watu wa nyumba ile, mmoja kwa maneno na mwingine kwa ishara.

Jumatano asubuhi Zoël alinigongea mlango, leso puani.

"Alma, una pamba?"

"Umepigana na nani, mzee?"

"Na koleo la theluji. Damu haikatiki tangu saa moja."

"Mkeo anajua?"

"Mke gani? Mimi nakaa na ofisi." Akatoa karatasi mfukoni. "Hebu tazama ofisi ilivyonipangia dawa. Jumatatu hakuna kitu. Jumanne hakuna kitu. Patupu! Nikasema sawa, amechoka hata kuniandikia."

"Ukafanyaje?"

"Nikanywa kama wiki iliyopita. Juzi viwili, na jana viwili."

Nilimshika mkono nikamvusha barabara nikiwa na viatu vya ndani. Dorine alikuwa ameinamia printa, vidole vimejaa weusi.

"Mwambie rafiki yako asinichafulie sakafu," akasema bila kugeuka.

"Mwambie mwenyewe! Mimi si simu. Soma hii karatasi yako."

Akaichukua, akasoma bila kusita: "Jumatatu, usinywe. Jumanne, usinywe. Jumatano, kimoja."

"Dorine, hayo umeyasoma wapi? Hapo hapana kitu."

Akavaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaisogeza dirishani. Palipopaswa kuwa na mistari ile miwili palikuwa peupe.

"Mimi nilijua nilichoandika," akasema polepole. "Nilikuwa naisoma kichwani mwangu." Ndipo akageuka. "Zoël! Umekunywa?"

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mumewe baada ya wiki sita. Zoël akakaa kitini. Uso ulimlainika, nikaona kabisa kwamba anataka kusema naye.

"Dorine, mimi... nilijaza. Ile chupa, nyuma ya... nyuma ya..." Akakunja uso. "Nilijaza theluji. Theluji kwenye kijiko."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Dorine akawa mwekundu. "Unanidhihaki tena? Mbele ya Alma tena?"

Zoël akatikisa kichwa. "Kijiko," akasema. "Kijiko, kijiko." Machozi yakamtoka, na mkono wake wa kulia ukateleza kutoka mezani ukaning'inia. Hapo tu ndipo tulipoelewa, na Dorine akapiga magoti akiita jina lake, na mimi nikaitafuta simu iliyokuwa mkononi mwangu.

Daktari alisema damu ilivuja ndani ya ubongo, upande unaoshika maneno. Hakufa. Amerudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo, anakula vizuri. Anaelewa ukimwambia jambo. Ila yeye mwenyewe hawezi kusema. Anafungua mdomo na linatoka neno lisilo lake.

Nilipeleka katriji kwa Mireille. Aliifungua, na ndani wino ulikuwa umekatika kama maziwa yaliyochacha.

"Nani ametia wino wa aina nyingine humu?" akauliza.

Tukaikuta chupa nyuma ya msumeno.

Sasa Dorine anazungumza mchana kutwa. Anamweleza mumewe hali ya hewa, misa, nani kafa. Juzi nilimkuta amekaa mbele yake, amemshika magoti.

"Mzee wangu, siku ile ulitaka kuniambia nini, zaidi ya chupa?"

"Kijiko," akasema Zoël.

Dorine akamletea kijiko. Zoël akakisukuma. Akamletea chai, mumewe akaisukuma. Zoël akalia kwa hasira.

"Alma, alitaka kuniomba radhi?"

"Huenda."

"Au alitaka kunilaumu?"

"Sijui, Dorine. Sijui."

Mafunzo

Kwanza la wino, kwa kuwa wengi wenu mnajaza katriji nyumbani. Jua printa yako inatumia wino wa aina gani kabla ya kuijaza, na usiamini chupa inayosema inafaa zote. Aina mbili zisikutane ndani ya katriji moja. Chupa iwe moja, iwe mahali pa wazi, na kila mtu wa nyumba ile ajue. Ukiona mistari imekosekana, usiisome kwa kichwa chako. Mpe mwingine aisome kwa macho yake.

La pili ni la kununiana. Msidhani kwamba nyumba isiyo na kelele ina amani. Wawili hawa walipendana, na kila mmoja alimfichia mwenzake jambo ambalo lingesemwa kwa dakika moja. Dorine alingoja kuulizwa, Zoël alingoja kuambiwa, na sisi majirani tuliojua tulicheka ukumbini kisha tukasema hayatuhusu. Yalituhusu.

Ukiwa umenuna leo, nenda ukaulize, hata kama kosa si lako. Nenda huku mwenzako bado anaweza kukujibu.