Niombe Radhi Mbele ya Wale Wale

Mchana mmoja sokoni watu walikuwa wakisukumana bega kwa bega, na sauti ya muuza vitunguu, binti mrefu aliyejifunga kitenge kiunoni, ilizipita sauti zote. Mwalimu wa matamshi wa kituo cha redio, shati jeupe limenyooka kama karatasi, alisimama mbele yake akaomba kitunguu kimoja.

"Kimoja, kaka? Unampikia sisimizi?"

"Najipikia mwenyewe."

"Pole. Chukua viwili, cha pili kikuliwaze."

Mwalimu alicheka, akarudi kesho yake, na keshokutwa yake. Mwezi ulipokwisha, alimpeleka binti kituoni akajifunze kusoma habari. Mwaka mzima alimfundisha kupumua, kutua na kutomeza maneno. Jioni alikuwa akimpigia simu: "Soma tena, mpenzi," naye akisoma mpaka kicheko kiwazidi wote wawili.

Siku binti aliposoma taarifa yake ya kwanza ilifanywa tafrija. Alivaa gauni la kijani, la kwanza maishani mwake kushonwa kwa kipimo chake. Alipofika mlangoni pa ukumbi, alimsikia mwalimu akiwaambia wakubwa wa kituo, "Huyu nilimwokota sokoni. Kila neno alitamkalo ni kazi ya mikono yangu."

Akageuka, akaenda kwa mama yake. Mama akampangusia kiti, akamsemesha kwa uangalifu kama asemavyo na mgeni. Sokoni nako wenzake walimwita "bosi", wakampisha njia. Usingizi ukampaa, hakuwa wa huku wala wa kule.

Simu ikalia.

"Mpenzi, rudi. Nilikuwa najisifu tu."

"Mbele ya nani?"

"Wakubwa."

"Basi niombe radhi mbele ya wale wale."

Binti alijua jinsi mwalimu alivyoilinda heshima yake, akakata simu bila kutarajia kitu.

Jumatatu, katika kikao cha wahariri, binti akiwepo na wakubwa wale wale, mwalimu alisimama. Yeye aliyewafundisha wengine kutomeza maneno alilimeza neno lake la kwanza.

"Nilisema uongo. Sauti alikuja nayo, na akili alikuja nayo. Mimi nilimwonyesha mahali pa kutua. Niwie radhi, mwenzangu."

Mhariri mkuu akakohoa, akajitia kupekua karatasi.

Nje, mwalimu alimshika binti mkono. "Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, tena kwa moyo mmoja."

"Basi nikuoe."

Binti alimtazama kwa mapenzi yasiyofichika. "Siku nitakapojijua mwenyewe, huyu unayemwomba, nitakujibu."

Akauondoa mkono wake taratibu, ungali na joto la kiganja cha mwalimu, akaenda peke yake kusoma habari za saa saba.