Kadi ya Tatu

Saa nne asubuhi, ofisini, kabati la kadi za kamusi lilipiga kite kama mtu anayeumwa. Mama Kamusi alidhani ni kutu ya droo, akaendelea kutafsiri maneno ya Kiingereza ya vilio. Kadi ya groan alishaigonga muhuri, na mfano wake: "Baba anapiga kite." Mifano yote aliichota nyumbani kwake, maana kubuni kulimchosha. Jioni akamkuta mumewe amejikunja sakafuni, mgongo umemgomea, anapiga kite kilekile.

Kesho yake kabati likalia kwa kwikwi, likitoa harufu ya nywele zilizoungua. Kadi ya sob ilisema: "Bibi analia kwa kwikwi." Kabla ya adhuhuri mama mkwe akapiga simu, kilio kimemkaba, wala hajui analia nini.

Mama Kamusi akapekua droo. Kadi ya tatu, wail, nayo ilikuwa na muhuri: "Mama anamwombolezea mtoto."

Akamkimbilia mhariri mkuu.

"Mzee, naomba nichane kadi moja."

Mhariri akafunga mlango kwanza. "Aliyekutangulia alichana," akanong'ona. "Jini la kabati lile likamaliza nyumba yake yote. Halitaki neno lipungue wala liongezeke."

"Mtoto ninaye mmoja tu, mzee wangu."

"Kuyapanga maneno upya linakubali, mwanangu. Zaidi ya hapo sijui."

Simu ikaita. Mumewe alisema homa ya mtoto imepanda ghafla, macho yamegeuka, na papo hapo kabati likaanza kuomboleza, kwa sauti ya Mama Kamusi mwenyewe, sauti aliyokuwa hajawahi kuitoa maishani, naye Mama Kamusi akalikimbilia huku analia, simu bado mkononi, akavuta droo, akaingiza mkono gizani, vidole vya baridi vikamshika kiganja na kukipapasa taratibu, akaing'oa kadi, akakata kwa mkasi maneno mawili na kuyabadilisha nafasi.

"Mtoto anamwombolezea mama."

Mumewe akasema kwenye simu, "Homa imeshuka. Anakutaka."

"Mama, unarudi saa ngapi?" mtoto akauliza.

Nyuma yake kabati likaanza tena kuomboleza, polepole, safari hii kwa sauti hiyohiyo ndogo.

"Narudi sasa hivi, mwanangu," alisema, akavuta kiti akakaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imeshakufa ganzi na baridi ilikuwa inapanda.