Alijiangusha Mwenyewe

Daktari wa timu alikutwa asubuhi ndani ya beseni la barafu, lile ambalo wachezaji hujiloweka baada ya mazoezi. Uso umezama majini, viatu bado mguuni.

"Amezama, maskini," alisema mwenyekiti wa klabu, kitambi mbele, simu mkononi. "Ajali. Afande, tumalize upesi. Jumamosi tuna fainali."

Inspekta alimtazama kama kitu alichokanyaga njiani. Nani anaoga barafu na viatu?

Mchana daktari wa maiti alimpigia simu. Mapafuni hamna maji, fuvu limepasuka kisogoni. Inspekta, mama wa makamo, hakumwambia mtu. Akaanza kuwaita wachezaji mmoja mmoja kwenye chumba cha kuchulia misuli, mpaka zamu ikamfikia nahodha, beki waliyempachika jina la Komeo.

Aliingia akitafuna bigijii, manukato yakimtangulia.

"Jina lako?"

Akacheka. "Hunijui?"

"Sikujui."

Hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

"Daktari wenu amekufa."

"Nimesikia kazama. Mungu amlaze pema."

"Mlinzi anasema jana wewe ndiye uliyebaki naye. Ulimfanya nini?"

Mikono yote miwili ikaruka juu, viganja wazi, macho yamemtoka, utadhani refa keshashika kadi.

"Sikumgusa! Alijiangusha mwenyewe!"

Inspekta akaweka kalamu chini.

"Jengo zima linasema alizama. Nani kakwambia alianguka?"

Bigijii ikasimama mdomoni. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa na mengi ya kupoteza.

"Nilimsukuma mara moja tu, afande. Akajigonga kwenye ukingo."

"Kisa?"

"Nilimwomba aandike kwamba mke wangu aliteleza bafuni. Akakataa. Eti sabuni haivunji taya, eti anakwenda polisi. Wiki ya fainali, afande! Mtu gani hana uchungu na timu yake?"

"Taya ulilivunja wewe."

"Si limeshafungwa waya? Litaunga."

"Ukamtumbukiza daktari kwenye barafu."

"Nilichanganyikiwa."

Lo! Inspekta alikuwa amewahoji wezi wa kuku wenye haya kuliko huyu. Akamfunga pingu.

Ukumbini mwenyekiti aliwakimbilia, jasho linamchuruzika.

"Afande, haya ni mambo ya mtu na mkewe. Ya daktari tutayazungumza na familia yake. Mke mwenyewe kashamsamehe, nimetoka hospitali sasa hivi."

"Kakwambia?"

"Kwa mdomo wake!"

"Mdomo upi?" aliuliza Inspekta. "Ule uliofungwa waya, ambao hauwezi hata kuomba maji?"

Mwenyekiti akageukia mlango.

"Panda gari na wewe, mzee. Utakuja kutueleza kituoni alikwambiaje kwamba kamsamehe."