Hodi Ndani ya Gego

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi 2024, saa nane mchana, jino la Linet lilibisha hodi.

Cephas, tabibu wa meno mjini Homa Bay, alitoa mikono kinywani mwa msichana. Ko, ko, ko. Kama kidole kwenye mlango wa mabati.

"Umesikia?"

"Hata nyumbani hubisha, daktari," Linet alinong'ona. "Tangu tumzike mama. Ama nimerogwa?"

Mama yake alikuwa Trizah, muuza dagaa wa omena wa kisiwa cha Remba. Cephas alimtibu gego kama hilo, la chini. Alisafisha mifereji mitatu ya mizizi, akaliziba. Trizah alirudi shavu limevimba.

"Daktari, kuna mtu amebaki ndani. Anabisha."

Cephas alicheka. "Usimkaribishe, mama. Mwambie arudi Remba." Akampa vidonge vya maumivu. Uvimbe ulishuka shingoni, ukamkaba pumzi hadi akafa.

Sasa mifereji mitatu ya Linet ilikuwa safi, na Cephas alishika dawa ya kuzibia. Ndipo harufu ya omena iliyooza ikajaa chumbani, taa ikafifia, na ile hodi ikatoka ndani ya gego ikahamia kwenye sinia la vyuma, kisha kwenye droo, kisha kifuani mwake, naye akakumbuka onyo la nyanya yake, kwamba aliyekufa na kinyongo hugeuka jachien, mzuka wa kisasi, na hodi ya jachien haijibiwi kamwe, kwani anayejibu amekiri kosa.

Ko, ko, ko.

"Karibu, Trizah," Cephas akasema. "Nilikukosea."

Akaweka dawa chini. Akapapasa tena sakafu ya jino, polepole, kwa ncha ya sindano. Kando ya mfereji mpana, sindano ikazama. Mfereji wa nne, kama ule alioukosa kwa Trizah. Usaha mweusi ukatoka, na harufu ikatoka nao.

Hodi ikakoma.

"Mama alikwambia kuna mtu ndani?" Linet aliuliza, machozi yakimtiririka masikioni.

"Aliniambia. Nikacheka."

Msichana alimkazia macho. "Basi safisha vizuri. Halafu utakuja kaburini, useme hivyo bila barakoa."

Jumapili, baada ya ibada, Cephas alipiga magoti kwenye udongo ambao ulikuwa haujaota nyasi. Linet alisimama nyuma yake.

"Ee Bwana, Trizah alibisha kwangu, nami nikacheka. Akibisha kwako, mfungulie mara ya kwanza. Amina."