Sifuri Juu ya Sifuri

—Kitabu hiki nimekiandika mimi!

—Umekinakili, mpenzi. Hata kosa langu la ukurasa wa tisa umelibeba kama lilivyo.

Ukumbi mzima wa chuo uligeuza vichwa. Mkufunzi wa hisabati alikuwa anazindua kitabu chake cha vikomo, zile limiti za hisabati, na aliyesimama kumkatiza ni mchumba wake, mwalimu wa sekondari. Madaftari ambayo mwalimu alimwazima mkufunzi ayapitie, leo ameyakuta yamepigwa chapa kwa jina la bwana huyo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Kwa kipenzi changu, muuguzi mwenye macho ya usingizi."

Mwalimu hajawahi kushika hata sindano.

Mkufunzi akacheka kwa dharau.

—Jamani msameheni, anafundisha watoto. Wivu umempanda kichwani.

—Haya, msomi. Nitafutie kikomo hiki.

Mwalimu akaandika ubaoni: juu, x jumlisha sita, chini, x jumlisha mbili, x inakaribia sifuri.

—Hili nalo swali? Natumia kanuni ya derivativu, yaani kasi ya badiliko: ya juu ni moja, ya chini ni moja. Jibu, moja!

—Ungeanza kwa kuweka sifuri mahali pa x.

Mwanafunzi wa mstari wa mbele akaropoka:

—Sita gawanya kwa mbili... ni tatu!

—Umesikia? Kanuni hiyo huigusi mpaka upate sifuri juu ya sifuri, au infiniti, yaani kisicho na mwisho, juu ya infiniti. Nililieleza kwenye daftari la tatu. Hukulifikia, eti? Ulikuwa unasubiri zamu ya muuguzi iishe!

Kicheko kikalipuka. Mwalimu akavua pete, akaiweka juu ya kitabu, akatoka kichwa juu.

Koridoni, binti mwenye sare nyeupe akamkimbilia.

—Dada, samahani. Muuguzi ni mimi. Aliniambia wewe ni binamu yake.

—Na bado unamtaka?

—Yule? Hata bure simchukui!

Simu ya mwalimu ikalia mlio wa ujumbe kutoka kwa mkufunzi: "Umenidhalilisha. Rudi tuyamalize."

Akajibu: "Huna hadhi ya kugombana na mimi."

Mara mkuu wa chuo akachungulia mlangoni.

—Mwalimu, tafadhali, wanafunzi wanataka uwamalizie somo.

Akarudi. Mkufunzi alikuwa bado mbele, jasho likimchuruzika, hajui aketi wapi. Mwalimu alichukua chaki bila kumtazama.

—Nifutie ubao.

Akafuta.