Jina la Ndani la Feza

Adhana ya magharibi ilimkuta Dalila bado sokoni, anachagua ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani. Alilipa bila kubishana bei, jambo ambalo kwa mwanamke wa ukoo wao wa wafanyabiashara ni karibu aibu, akapanda mbio kuelekea nyumbani, mtaa wa Rugenge. Mumewe Lukumani alikuwa safarini Kamanyola akinunua mchele, na kila jioni saa hiyo alipiga simu ya video ili amwone Feza, binti yao wa miaka minne. Ruta ya wifi iliyoko sebuleni ilinunuliwa kwa ajili ya simu hiyo tu.

Feza alikuwa ameachwa kwa mama yake mkubwa, Yasmine, dada wa Dalila, aliyekaa nyumba ya pili katika uwanja uleule waliorithi kwa baba. Mwaka ule mto ulipofurika, maji yalimchukua binti wa pekee wa Yasmine. Tangu hapo hakuna aliyemnyima Yasmine kitu, na Dalila angekuwa wa mwisho kumnyima.

Alimkuta mtoto amesimama mlangoni pa sebule yao, kimya. Akampakata, wakaketi mkekani. Simu ikalia.

"Feza iko wapi?" Lukumani aliuliza baada ya salamu.

"Huyu hapa. Nimemupakata."

"Minaona weye. Minaona na mukeka. Mutoto simuone."

Dalila akatazama ile picha ndogo ya pembeni, inayokuonyesha wewe mwenyewe. Alijiona. Aliona ukuta, pazia, mkeka... na mikono yake miwili iliyokumbatia hewa. Lakini uzito wa Feza ulikuwa pale pale mapajani, na nywele zake zilimkuna kidevu.

Lukumani alicheka, akalaumu mtandao. Simu ikakatika.

Taa ya ruta iligeuka nyekundu.

Alifanya kama fundi alivyomfundisha. Akachomoa waya, akangoja, akachomeka. Taa ikawa kijani, ikapepesa, ikarudi nyekundu. Akaisogeza dirishani. Nyekundu. Kisanduku kilikuwa cha moto mkononi, na kilikuwa na harufu. Plastiki ikiungua hunuka plastiki, hata mtoto anajua. Hiki kilinukia udi.

Akampigia Eugène, fundi aliyekifunga. Eugène, aliyekuwa anakula na hakuona sababu ya kuacha, alimwambia afungue kwenye simu ule ukurasa unaoonyesha ni vifaa vingapi vimeunganishwa. Dalila alitarajia viwili. Vilikuwa vitatu.

Simu ya Dalila. Simu ya Yasmine.

Na cha tatu.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Katika ukoo huu mtoto hupewa majina mawili siku ya saba. Moja hutangazwa kwa wageni, wakala wali wakaenda zao. La pili bibi humnong'oneza mtoto sikioni, na mama peke yake ndiye huambiwa. Hilo ni jina la ndani. Mchawi anaweza kuita "Feza, Feza" mpaka koo limkauke, mtoto hatamfuata, kwa sababu roho yake imefungwa kwa lile jingine. Bibi alishakufa. Basi Eugène alipofunga ruta na kumwambia Dalila achague neno la siri ambalo hakuna binadamu anayelijua, maskini wa Mungu alikuwa na neno moja tu la namna hiyo. Akaliandika, na alijiona mjanja. Hatutaliandika hapa, na wewe usiulize.

Ndilo lililosomeka pale, mstari wa tatu.

"Ni simu ya nani?" Eugène aliuliza.

Dalila alilisoma tena, herufi kwa herufi. Eugène akamweleza kwamba dawa ni kubadilisha neno la siri. "Wote watatupwa inje mara moja," alisema. "Atarudi tu mwenye utapatia kode mupya."

Dalila alimketisha Feza mkekani, akavuka uwanja. Mlango wa Yasmine ulikuwa wazi kidogo, na moshi wa udi ulitoka taratibu. Juu ya meza palikuwa na sahani mbili. Moja ilikuwa ndogo.

"Dada," Dalila alinong'ona. "Nani alikuambia jina ya mutoto?"

"Ni weye."

"Minye sijasema kwa mutu."

"Uliandika na mukono yako mu simu yangu. Simu inakumbuka."

Dalila akaikumbuka siku hiyo. Yasmine alikuwa ameomba awekwe kwenye wifi, na Dalila aliandika huku akiziba kioo kwa kiganja, akaona haya kumficha dada yake wa tumbo moja. Sasa Yasmine aliinua simu na kugusa lile jicho dogo linalofunua neno la siri, na zile nukta nyeusi zikawa herufi.

"Nilimuita mara moja tu," Yasmine alisema. Hakuwa na hasira wala haya. "Akaitika. Nyumba yangu ilikuwa inanyamaza sana, Dalila."

Iliuma kuliko matusi. Baada ya mafuriko, kule kwenye mchanga wa ziwa, walikuwa wamemtafuta binti wa Yasmine pamoja, wameshikana mikono, wakipindua kila gogo lililoletwa na maji. Dalila alimlisha huyu kwa mkono wake alipokataa kula. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema inavyokuwa pale nguo yenyewe uliishona wewe.

Alirudi mbio, akafunga mlango kwa komeo. Akafuta lile jina, ambalo sasa lilibaki kwenye simu ya Yasmine tu, akaandika namba na herufi zisizo na maana yoyote, akabonyeza.

Simu ya Yasmine ikatoweka kwenye ukurasa. Mstari wa tatu ukabaki kidogo... ukafifia... ukatoweka nao.

Wote walitupwa nje, kama Eugène alivyosema.

Taa ikawa kijani na ikatulia. Harufu ya udi ikaisha. Dalila akamshukuru Mungu kwa sauti, akageuka.

"Feza."

Mtoto alikuwa palepale mkekani. Alimtazama kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mgeni asiyemjua.

"Feza, njo kwa mama."

Hakusogea.

Dalila akapiga magoti, akaweka midomo kwenye sikio lile dogo. Lilikuwa baridi. Akanong'ona jina la ndani, mara ya kwanza tangu siku ya saba.

Mtoto wa mkekani aliendelea kutazama ukuta.

Kisha ng'ambo ya uwanja, ndani ya nyumba ya Yasmine, kijiko kiligonga sahani.

"Niko huku, mama," ikaitika sauti ya Feza.

Na sauti ya Yasmine, ya upole kabisa, ikamwambia amalize kula kwanza.