Maswali Nyumbani kwa Batuli

Jumatatu moja ya Mei 1972 tulikuwa tukipima watoto uzito kwenye dispanseri yetu, Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Muuguzi Hubert alisoma mizani, mimi niliandika. Gari likasimama nje. Mtu akaingia na karatasi, akasoma majina matatu. La pili lilikuwa la Hubert.

Hubert alimrudisha mtoto mikononi mwa mama yake. Akaniambia, "Mwasiti, endelea na hawa waliobaki." Akatoka na yule mtu na wenzake wawili waliotajwa.

Niliendelea. Walikuwa wamebaki watoto kumi na wawili. Saa sita Hubert hakurudi. Jioni hakurudi. Hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza, maana mwezi ule wanaume wengi walikuwa wakichukuliwa hivyo na serikali, nao hawakurudi.

Mimi nilikuwa stajeri, yaani mwanafunzi anayejifunza kazi kwa kuifanya. Hubert alikuwa akinifundisha kuzungumza na familia zenye ugonjwa wa damu wa kurithi. Katika ugonjwa huo chembe za damu hupinda kama mundu na kukwama mwilini. Mtoto huumwa mifupa, macho huwa ya manjano, homa humzidia upesi. Nilijua kuchora ukoo kwenye kaye, daftari langu: duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume, aliyekufa anapigwa mstari. Lakini nyumbani kwa watu nilikuwa sijaenda na Hubert hata mara moja.

Mezani kwake ilibaki bahasha kutoka laboratwari ya Bujumbura. Lilikuwa jibu la damu ya Mariyamu, binti wa miaka mitano wa Batuli na Asmani. Alikuwa na ugonjwa huo. Wazazi walikuwa hawajaambiwa.

Nilisubiri siku nne. Siku ya tano nilivaa blauzi nyeupe, lile koti la wauguzi, nikachukua kaye, nikaenda.

Batuli alikuwa uani akikaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Mama mkwe wake, bibi Cibalonza, alikaa kwenye mkeka.

"Amahoro," nilisema. Sikukaa. Nikafungua kaye. "Mama Mariyamu, baba yako anaitwa nani?"

Batuli akanitazama. "Kwa nini?"

"Ninajaza hapa. Ndugu zake wa kiume ni wangapi?"

Batuli aligeuza ndagala.

"Na ndugu za Asmani? Wako wapi sasa?"

Batuli aliweka mwiko chini. Chumbani mtu alisogea, kisha kukatulia.

Bibi Cibalonza aliuliza polepole, "Binti, hiyo karatasi inaenda wapi?"

"Dispanseri, bibi."

"Na kutoka dispanseri?"

Nilifunga kaye.

"Muforoma Hubert iko wapi?" Batuli alimuulizia muuguzi wetu.

"Sijui."

"Basi wende, dada. Mutoto wetu iko muzima."

Mariyamu hakuwa mzima. Nilimsikia akilia ndani, kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kulia.

Kesho yake mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Siku ya tatu jirani alininong'oneza kwamba watu wa nyumba ile wanakwenda Kabonga, wapande mtumbwi, wavuke ziwa na kuikimbia nchi. Nilifikiria upepo wa ziwani na homa ya yule mtoto. Niliogopa kwamba atafia njiani, na kwamba ni mimi niliyemfukuza kitandani kwake.

Nilimwambia Kadidja. Kadidja alikuwa mama mzee aliyefagia dispanseri na kufuatana na Hubert majumbani, maana alijua kila ua.

"Uliingia na kaye?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukauliza wanaume wako wapi. Mwezi huu."

Niliinamisha kichwa.

"Ningekuwa mimi, ningekumwagia mafuta ya ndagala," alisema Kadidja. "Hubert hakuingia na kaye kwa mtu. Alikaa chini, akanywa maji waliyompa. Kwanza alisema habari aliyokuja nayo. Kisha aliuliza: mutaniruhusu niwaulize? Wakikataa, alizungumza mambo ya mutoto tu."

"Na majina?"

"Majina ya nini? Unataka kujua nani aliumwa na nani alikufa mudogo. Sema 'kaka wa mama', inatosha."

"Mbona hukuniambia kabla?"

"Ulivaa blauzi nyeupe, ukapita kama daktari. Nani atamufundisha daktari?"

Alasiri ile tulikwenda wote wawili. Niliacha blauzi nyeupe. Kadidja alibisha, akataja jina lake. Batuli akafungua kidogo.

Nilichomoa kwenye kaye ile karatasi niliyotaka kujaza, nikampa. "Hakuna nilichoandika. Itie motoni mwenyewe. Nilikosea. Nilikuja kuuliza kabla ya kuwaambia jambo lenu."

Aliitia motoni, akangoja mpaka ikaungua yote. Kisha akasema, "Karibuni mukae."

Nilikaa. Nikanywa maji. Mariyamu alikuwa amelala, vidole vimevimba, mwili moto.

"Jibu la damu yake limekuja," nilisema. "Mtoto ana ugonjwa wa kurithi. Si uchawi, wala hakuna aliyemfanyia. Naomba niwaeleze. Nikimaliza, nitawauliza kama mnaniruhusu niulize."

Asmani alitoka chumbani, akakaa mlangoni.

Bibi Cibalonza alikuwa na ungo wa maharagwe. Niliomba manne, mawili meupe na mawili mekundu. Nikampa Asmani moja jeupe na moja jekundu. Batuli vilevile.

"Jeupe ni damu nzima, jekundu ni damu inayopinda. Mwenye jekundu moja haumwi, kama nyinyi. Kila mimba, baba anatoa moja na mama anatoa moja, bila kuona. Mtoto akipata mekundu mawili, anaumwa."

Asmani aligeuza maharagwe kiganjani. "Sisi ni watoto wa ndugu. Baba yangu na baba yake ni tumbo moja."

"Kwa hiyo ni rahisi zaidi nyote wawili kuwa na jekundu la babu mmoja."

"Si nilisema," bibi Cibalonza alidakia. "Ni ukoo wa marehemu mume wangu, Mulamba. Kwetu hakuna."

"Sijui, bibi. La Asmani linaweza kuwa limetoka kwako."

Kadidja alicheka, akajifunika mdomo. Hata Batuli alitabasamu. Kisha alilia.

"Miaka yote munasema tumbo langu ni bovu," alimwambia mama mkwe.

Bibi aliweka ungo chini. "Nilisema," alijibu. "Nilikosea, mwanangu."

Niliuliza, "Mnaniruhusu sasa?"

Waliniruhusu. Batuli alisema alizika watoto wawili kabla ya Mariyamu, wote wenye macho ya manjano. Sikuuliza majina yao.

"Nikizaa tena?" aliuliza.

"Kila mimba, katika njia nne, moja ni ya ugonjwa. Kuzaa au kutozaa, siwezi kuwaamulia. Mtaamua nyinyi wawili."

Asmani akauliza, "Na huyu?"

"Anywe maji mengi kila siku. Asioge maji ya baridi, asipigwe na upepo. Apewe dawa ya malaria kila wiki. Homa ikija, msingoje kesho. Leo ana homa."

Njia ya dispanseri ilipita kwenye bariyeri ya askari. Asmani alibaki, maana wanaume hawakupita pale bila hofu. Batuli alimbeba Mariyamu mgongoni, mimi na Kadidja tukamweka katikati. Askari alitutazama mmoja mmoja. Alimgusa mtoto shavu, akaondoa mkono upesi kwa lile joto. Akatupungia tupite.

Mariyamu alilala dispanseri siku sita. Siku ya saba alidai ugali. Hawakwenda Kabonga.

Hubert hajarudi. Hatukuonyeshwa kaburi. Mke wake, Anastasie, alinipa vitabu vyake.

Mariyamu sasa anasoma darasa la tatu. Bado anaumwa mara kwa mara, ila wazazi wake wanajua la kufanya. Batuli na Asmani hawajapata mtoto mwingine, na sababu ni yao.

Wanafunzi wanaokuja kwangu wanajifunza kukaa chini kabla ya kuuliza. Dispanseri inafunguliwa saa moja na nusu. Mtoto mwenye ugonjwa huu akija na homa, anaonwa kabla ya wote.